Hawakuuza mashamba yao

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na Mtanzania mwenzangu: wakulima Weusi wa Marekani walichoka na jembe, wakauza mashamba, wakahamia mjini. Ni kweli mwaka 1920 walikuwa zaidi ya 900,000, na sensa ya kilimo ya 2022 haikufikisha hata 50,000. Ni kweli wengi walihama, wakikimbia madeni na kunyongwa na makundi ya Wazungu. Lakini kuuza? Nashughulika na mirathi ya mashamba huku Georgia, na neno hilo limenichosha.

Babu anafariki bila wosia. Ardhi inawaangukia watoto wote kwa pamoja, kila mmoja na hisa isiyopimiwa kipande chake shambani. Nao wakifa, hisa zinashuka kwa wajukuu. Aliyebaki shambani ndiye anayelima na kulipa kodi, ila hati bado ina jina la marehemu. Benki haimkopeshi. Kimbunga kikiangusha miti yake ya pekani, anaulizwa: una uthibitisho gani kwamba ni pako?

Kisha mtu baki anamtafuta binamu aliyeko Detroit, ambaye hata shamba halijui, ananunua hisa yake kwa vijisenti na kwenda mahakamani kuomba mgawanyo. Hakimu akiona ardhi haigawanyiki vizuri, anaamuru mnada. Wa shamba zima! Mara nyingi anayelinunua ni yule yule, kwa bei ya kutupa, na kwenye kumbukumbu panaandikwa "limeuzwa". Tangu Georgia ibadilishe sheria mwaka 2012, ndugu wanapewa kwanza nafasi ya kuinunua hisa ya anayeomba mnada, kwa bei ya mthamini. Inasaidia, kwa wenye hela.

Bibi mmoja alinifungulia kopo la biskuti lililojaa stakabadhi za kodi, kila mwaka umefungwa na mpira wake. Tulichora ukoo nyuma ya kalenda mpaka karatasi ikaisha. Kazi yangu ni kuwatafuta warithi wote watie saini, na sina hakika kila mara natenda jema: pengine barua yangu ndiyo inayomjulisha binamu kwamba ana kitu cha kuuza.

Mwaka 1969, Charles na Shirley Sherrod, mume na mke wanaharakati wa haki za Weusi, na wenzao walijaribu njia nyingine karibu na mji wa Albany, hapa hapa Georgia: New Communities, ekari zaidi ya 5,000 zikimilikiwa na chombo cha jamii, wakulima wakikodishiwa kwa muda mrefu, hisa ya kuuza hamna. Ukame ulipowapiga, serikali iliwabana mkopo wa dharura; kufikia 1985 ardhi yote ilikuwa imekwenda. Kesi ya Pigford, ya wakulima Weusi walioishtaki Wizara ya Kilimo kwa ubaguzi, iliwapa takriban dola milioni 12 mwaka 2009, na 2011 wakanunua shamba jingine, lililowahi kulimwa na watumwa.

Nilimweleza bibi mfumo huo. Akanitazama. "Kwa hiyo nitakuwa mpangaji, kama baba yangu?" Nilikosa jibu. Jumanne nampelekea karatasi za wosia, hilo amelikubali.