Je, wajua kwa nini kompyuta pepe za ofisi hukwama saa mbili asubuhi?

Saa mbili kamili wafanyakazi 40 wanawasha kompyuta zao pepe, yaani kompyuta za programu tu zilizo ndani ya kompyuta kuu (seva), na wote wanabaki kutazama kiduara kikizunguka. Ikifika saa tatu mambo ni shwari. Mafundi wengi hukimbilia kuongeza RAM au kulaumu mtandao, kumbe kinachozidiwa ni diski.

Kompyuta pepe hizo zinaishi ndani ya seva moja na kugawana diski zilezile. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humudu takriban maombi 80 ya kusoma na kuandika kwa sekunde. Ukiwa na diski 12, una 960. Windows iliyotulia huomba kama 10 hivi, lakini inapowaka huweza kuomba 200 na zaidi. Zidisha kwa 40: maombi 8,000 yanagombea nafasi 960.

Dawa ya kwanza haina gharama. Panga ratiba kwenye seva iwashe mashine nnenne kila baada ya dakika tatu, kuanzia saa 1:15. Saa 1:45 zote zinasubiri nywila tu.

Kisha kagua antivirusi. Hapa wengi huponyokwa: mashine zote zimenakiliwa kutoka mashine mama moja, kwa hiyo zimerithi ratiba ileile ya ukaguzi, hadi dakika. Ikifika saa hiyo, 40 zinaanza kupekua mafaili kwa pamoja, na ofisi inakwama tena mchana. Kagua mashine mama kabla ya kuinakili, halafu zipe nakala saa tofauti.

Angalia pia jinsi diski zilivyounganishwa. RAID ni mbinu ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Kwenye RAID 5, andiko moja dogo huzaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti (data ya ziada ya kurejesha kilichopotea diski ikiharibika), kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. RAID 10, inayoweka nakala ya kila data kwenye diski nyingine, huandika mara mbili tu. Kompyuta pepe zikishatulia huandika zaidi kuliko kusoma, hivyo tofauti hiyo huonekana kutwa nzima.

Kama bajeti inaruhusu SSD (diski ya kasi isiyozunguka) moja au mbili tu, usizigawe ovyo. Weka faili la mashine mama humo, maana nakala zilizofungamana nalo husoma hapo zinapowaka. Baada ya hapo fungua grafu ya ucheleweshaji wa diski asubuhi: ikizidi milisekunde 20 kwa muda mrefu, foleni bado ipo.