Viini vinne, viini vinane: tunavyomkosea ameba

"Mwanangu, mimi ameba wangu nawajua. Niandikie dawa nende zangu."

Mama huyu alikuwa amevuka feri asubuhi kutoka Likoni, kikopo cha choo kimefungwa ndani ya mifuko mitatu. Mimi si daktari, ni fundi wa maabara, dawa siandiki. Lakini Mombasa ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, utake usitake. Nikamwomba akae kitambo, nikatia tone la iodini kwenye slaidi.

Hapa mjini kila tumbo linalosokota ni ameba. Umekula viazi karai vilivyolala, ukaharisha: ameba. Na kwa kuwa jina ni moja, watu hudhani na mdudu ni mmoja.

"Ameba ni ameba, wote wanaumiza"

Utumbo wa binadamu unaweza kukaliwa na ameba wa aina kadhaa, na wengi wao ni wapangaji wasio na makelele. Anayeleta kuhara damu na jipu la ini ni Entamoeba histolytica, ambaye Fedor Lösch alimkuta kwa mgonjwa mjini St. Petersburg na kumweleza mwaka 1875. Jirani yake, Entamoeba coli, anakula bakteria na mabaki tu. (Si yule bakteria E. coli anayetajwa kwenye habari za maji machafu. Wameshea herufi, ukoo hawashei.)

Tofauti yao tunaitafuta kwenye sisti, yaani ameba akiwa amejikunja duara na kujizungushia ukuta mgumu. Sisti iliyokomaa ya histolytica ina viini vinne, yaani vifuko vya ndani ya seli vinavyobeba DNA yake. Ya coli ina vinane. Iodini huitia sisti rangi ya manjano yenye ukahawia, na viini huonekana kama vipete vyembamba. Ila havikai kwenye kina kimoja, kwa hiyo unazungusha skrubu ya hadubini polepole, huku na huku, ukihesabu: kimoja, viwili, hiki tumeshakihesabu, vitatu. Ni kazi ya dakika chache, lakini foleni ikirefuka ndiyo ya kwanza kurukwa. Nilipokuwa mgeni wa kazi nimeandika mwenyewe majibu ya "sisti za ameba zimeonekana", nikaishia hapo. Ni sawa na kumwambia mtu matatu imegonga gari lako, namba ya matatu usimpe.

Na kuna wa tatu wa kuvuruga hesabu. Entamoeba dispar ana viini vinne vilevile, umbo lilelile, na hadhuru. Émile Brumpt alisema mwaka 1925 kwamba hawa ni wawili tofauti, lakini wengi hawakumkubali, hadi mwaka 1993 Diamond na Clark walipowatenganisha rasmi. Kwa hadubini sisti zao hatuwezi kuzitofautisha. Ukimkuta ameba hai amemeza chembe nyekundu za damu, hiyo ni dalili nzito ya histolytica. La sivyo, ni kipimo cha antijeni au cha DNA. Kwa hiyo wako waliobugia Flagyl kwa ajili ya mdudu ambaye hakuwa na neno nao.

"Anayeharisha ndiye wa kuogopwa"

Hili huwashangaza hata wauguzi. Anayeharisha vibaya hutoa zaidi ameba walio hai na wanaotembea, na hao hufa upesi wakitoka mwilini. Hata ukimmeza mmoja, asidi ya tumbo itammaliza. Mwenye kusambaza ugonjwa ni yule mzima wa afya, choo chake kigumu, anayekata kachumbari bila kunawa. Huyo hutoa sisti, na sisti kwenye unyevunyevu hukaa hai wiki kadhaa.

Ndiyo maana choo cha majimaji tunakitaka ndani ya nusu saa. Kikipitia kwenye foleni ya feri, kikaungua na jua, ameba aliye hai atakuwa amekufa kabla hajafika Mwembe Tayari. Ameba mfu ni rahisi kumchanganya na seli nyeupe, na hapo fundi hukosea pande zote mbili: aliye naye anaambiwa hana, asiye naye anaambiwa anaye.

"Hugawanyika kwa kujikata kati, basi"

Picha ya shuleni tunaikumbuka sote: kidonge cha unga kinabanwa katikati, vinatoka viwili. Vitabu vya zamani viliandika kwamba kiini nacho hukatika hivyohivyo. Sivyo. Kiini cha ameba hugawanyika kwa mitosisi. Kromosomu hunakiliwa, kisha nyuzi maalumu huzivuta pande mbili, kila upande upate fungu lake. Kinachotofautiana ni mtindo. Kwa Acanthamoeba, anayeshambulia macho ya wavaaji wa lenzi, utando wa kiini huvunjika kazi ikiendelea, kama kwenye seli zetu. Kwa Entamoeba haupasuki, kila kitu hufanyika ndani, mlango umefungwa.

Na si lazima kiini kikigawanyika mwili nao ugawanyike. Sisti ya histolytica huanza na kiini kimoja, vinakuwa viwili, kisha vinne, mwili ukiwa ni uleule. Ukiimeza, inapasuka kwenye utumbo mwembamba, viini vinagawanyika mara moja tena, na hapo mwili unakatika vipande. Sisti moja, ameba wanane. Hii pia ndiyo sababu kuhesabu si mchezo: sisti changa ya coli iliyofika kwenye viini vinne inaweza kukudanganya, mpaka upime ukubwa wake na kutazama nyingine kadhaa.

"Wote ni ukoo mmoja"

Zamani kila chenye kutambaa kwa miguu bandia kilitiwa kapu moja, Sarcodina. Kapu hilo limemwagwa. "Ameba" leo ni jina la mwendo, kama tunavyosema "kinachoruka", popo akawemo na kunguru akawemo. Entamoeba na Acanthamoeba wako kundi la Amoebozoa, ambalo liko karibu zaidi na wanyama na uyoga, yaani karibu nasi, kuliko lilivyo karibu na Naegleria. Huyo Naegleria yuko upande wa mbali, pamoja na jamaa za vimelea vya malale. Ana hali tatu: ameba, sisti, na hali ya kuogelea akiota mikia miwili, ambayo akiwa nayo hagawanyiki.

Naegleria fowleri ndiye "ameba mla ubongo" anayewatia watu hofu ya kuogelea. Kwenye maji ya bahari haishi, kwa hiyo Nyali ogeleeni. Hapendi chumvi, anapenda maji matamu yenye joto, na kwa kunywa hakupati. Hupitia puani. Huko Karachi, Pakistan, madaktari wameripoti wagonjwa waliohusishwa na maji ya bomba yaliyovutwa puani wakati wa kutawadha. Ni ugonjwa adimu mno, lakini maji ya tangi lililochemka juani juu ya paa mimi siyapandishi puani.

"Ndimu inaua"

Sisti hupita kwenye asidi ya tumbo ikatoka salama. Ndimu ya kachumbari itaifanya nini? Klorini ya kawaida inafaa sana kwa kipindupindu, usiiache, lakini sisti huivumilia. Kuchemsha ndiko kunakoiua.

Tumrudie mama. Nilihesabu slaidi ya kwanza, nikatengeneza ya pili. Vinane, kila mahali vinane, na hakuna ameba mwingine. Nikamweleza kwamba huyu hamdhuru wala hatibiwi, na kwamba tumbo lake lina sababu nyingine ya kutafutwa, ila kuwepo kwake kunaonyesha kuna mavi yanayoingia kwenye maji au chakula chake. Nikamuuliza anateka wapi.

"Kisimani, uani."

"Na choo kiko wapi, mamangu?"

"Hapohapo uani, kingekuwa wapi?" Akajitengeneza buibui lake, akainuka. "Haya, ahsante. Ile maabara ya ng'ambo ya barabara, saa hizi iko wazi?"