Je, wajua kwa nini hesabu ya alama za zamu moja ya snuka huishia 147?

Kwenye meza za puli zilizojaa mitaani Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, mpira ukishatumbukia umekwenda. Unabingirika tumboni mwa meza na hauonekani tena mpaka mtu atie sarafu nyingine. Snuka, ambayo meza zake hapa mjini utazikuta zaidi kwenye klabu za wanachama, haiko hivyo. Mpira mweusi ukitumbukia, refa anautoa mfukoni na kuurudisha mahali pake. Hapo ndipo 147 inapoanzia.

Mezani kuna mipira 22: mmoja mweupe wa kupigia, myekundu 15 yenye alama moja moja, na sita ya rangi. Njano ni alama 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, waridi 6, mweusi 7. Sharti ni kupokezana: mwekundu, kisha wa rangi, tena mwekundu, kisha wa rangi. Mwekundu ukiingia haurudi. Wa rangi hurudishwa. Kwa hiyo anayetaka kila alama iliyopo huuandama mweusi: 1 na 7 ni 8, mara 15 ni 120. Myekundu ikiisha, zile rangi sita huingizwa kwa mpangilio kuanzia njano, na jumla yake ni 27. Ndiyo 147, kwa mapigo 36 bila kukosa hata moja. Ukilazimika mara moja tu kuchukua waridi badala ya mweusi, unaishia 146.

Hesabu hiyo ni ya mtoto wa shule. Kazi iko kwenye mweupe. Meza ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na mpira una kipenyo cha milimita 52.5 tu. Mweusi hukaa sentimita 32 hivi kutoka ukingo wa juu, kwa hiyo mchezaji hana budi kuishi upande huo. Kosa la wanaojifunza ni kuacha mweupe umenyooka sawasawa na mweusi na mfuko. Mweusi utaingia, lakini mweupe hautakuwa na njia ila kwenda mbele au kurudi nyuma kwenye mstari uleule, na mwekundu unaofuata uko pembeni. Wazoefu huacha pembe kidogo, ili mweupe ugonge ukingo na kujileta wenyewe.

Kisha kuna lile fungu la myekundu lililoshikana nyuma ya waridi. Hupasuliwa mapema, mweupe ukitoka kuupiga mweusi, wakati bado pembeni upo mwekundu mmoja wa akiba. Ukichelewa, mweupe hunasa katikati ya fungu na huna pa kupiga. Na hata ukivuka hayo yote, baada ya mweusi wa 15 njano inakusubiri upande wa pili, mita 2.5 na zaidi. Kwangu mimi, pigo la kuivukia njano ndilo linalotenganisha mabingwa na wachezaji wazuri.

Joe Davis, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 15, alifikisha 147 London mwezi Januari 1955, na bado chama kilichosimamia mchezo kilikataa kuitambua mpaka 1957, kwa kuwa mechi haikuchezwa kwa kanuni zake. John Spencer alikuwa na bahati mbaya zaidi. Mwaka 1979 aliifunga 147 dhidi ya Cliff Thorburn, lakini wapiga picha wa televisheni walikuwa mapumzikoni, na mifuko ya meza ilikuwa mipana kupita kipimo, hivyo haikuingia kwenye rekodi. Miaka mitatu baadaye, Januari 1982 huko Oldham, Steve Davis akafunga ya kwanza kuonekana kwenye televisheni na kuzawadiwa gari aina ya Lada. Aliyekaa kitini akimtazama ni nani? John Spencer yuleyule.

Na Thorburn? Mwaka 1983, ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, akawa wa kwanza kuifunga 147 katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwekundu wake wa kwanza uliingia kwa bahati tu. Alipomaliza mweusi wa mwisho, alipiga magoti sakafuni. Ronnie O'Sullivan naye, mwaka 1997 papo hapo Crucible, alimaliza kazi nzima kwa dakika 5 na sekunde zisizozidi 20: chini ya sekunde 9 kwa kila pigo.

Lakini je, 147 haipitiki? Inapitika. Mpinzani akicheza rafu kabla ya mwekundu wowote kuingia, na kukuacha mweupe umezibiwa njia, kanuni inakuruhusu kuchagua mpira wa rangi na kuuhesabu kama mwekundu wa 16. Ongeza 1 na 7, dari inapanda hadi 155. Jamie Burnett wa Uskoti ndiye mchezaji wa kulipwa wa kwanza kuitumia nafasi hiyo kuivuka 147, Oktoba 2004: alichagua kahawia, akaipiga kahawia tena, kisha akafuta myekundu yote 15 kwa mweusi mara 12, waridi mara mbili na buluu mara moja. Alipomaliza zile rangi sita, ubao ulisoma 148.