Kwa nini karabai hung'aa kuliko chemli, na ya zamani hufufuliwaje?

Je, wajua kwamba mwanga mweupe wa karabai hautoki kwenye moto wenyewe? Chemli na karabai hutumia mafuta ya taa yaleyale, lakini chemli humulika meza na karabai humulika uwanja mzima wa ngoma. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa wa pwani ya Lindi na Mtwara walikuwa wakitoka nazo baharini usiku wa giza, kabla taa za betri na sola hazijashika nafasi.

Kwenye chemli, chembe za masizi zikipata moto ndizo zinazotoa ule umanjano, na ndizo zinazochafua kioo. Karabai haina utambi. Ukipiga pampu, hewa huyasukuma mafuta yapande kwenye bomba jembamba lililokwisha kupashwa moto kwa spiriti. Humo hugeuka mvuke, hutokea kwenye tundu dogo mno la nozeli, huchanganyika na hewa na kuwaka buluu: joto kali, mwanga hafifu. Kwa hiyo kabla gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, haijagunduliwa mwaka 1974, watu wa Kilwa walikwisha kumulikiwa na gesi waliyoitengeneza wenyewe ndani ya taa.

Kinachong'aa, kwa joto la moto huo, ni kile kifuko cha kitambaa kinachouzunguka. Mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alikipatia hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1885, na mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliodumu: oksidi za metali mbili, ya thoriamu asilimia 99 na ya seriamu asilimia 1. Kikiwashwa mara ya kwanza, uzi wote huungua, hubaki umbo la oksidi tupu ambalo hubomoka kwa kuguswa tu. Thoriamu ina mionzi hafifu, basi usivute unga wake, na unawe mikono.

Ukiikuta karabai moja stoo kwa babu, nakuomba usiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Futa vumbi kwanza, usome tangi. Wengi huita kila karabai Petromax, ila Petromax halisi za zamani ni za Ehrich & Graetz wa Berlin. Tilley na Vapalux ni za Uingereza, Optimus na Radius za Sweden, Anchor na Butterfly za China. Coleman ni ya Marekani, na nyingi zina mwezi na mwaka uliogongwa chini ya tangi. Ukiona 500 HK, huo ni ukali wa mwanga kwa kipimo cha kale cha Kijerumani cha mishumaa.

Usianze kwa kung'arisha. Anza na pampu, maana hapo ndipo nyingi hufia. Ukisukuma usihisi ukinzani wowote, wosha ya ngozi imekauka: itoe, ipake mafuta, itanue kwa vidole mpaka ikae kama kikombe. Ikiwa imechanika, fundi viatu atakukatia nyingine. Mpini ukipanda wenyewe baada ya kuusukuma, valvu iliyo chini ya pampu haizibi. Kisha jaza hewa bila kuwasha, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Panapotoa mapovu panavuja, na taa inayovuja haiwashwi hata kidogo.

Shaba ya njano husafika kwa ndimu, lakini suuza upesi. Tangi lililopakwa nikeli lisiguswe na msasa wala mchanga. Sabuni na kitambaa laini vinatosha, kwani nikeli ikishatoka hairudi.

Karabai iliyotengenezwa kwa mafuta ya taa, weka mafuta ya taa tu. Petroli ndani yake ni hatari ya kuunguza nyumba. Iwashe nje, mbali na makuti. Moto wa manjano ukiruka juu, mafuta hayajageuka mvuke: fungulia hewa itoke, iache ipoe, ongeza spiriti, uanze upya.