Kidonda cha kisukari na jeli ya mimea: maswali na majibu

Jeli hiyo inayowekwa kwenye kidonda cha mguu cha mwenye kisukari ni kitu gani hasa?
Ni haidrojeli: nyuzi ndogo mno zilizofumana kama wavu na kushika maji tele. Ukiigusa inateleza kama nyama ya jani la mshubiri (aloe vera). Baadhi hutengenezwa kwa selulosi, yaani nyuzinyuzi za mimea, nyingine huongezwa alijinati, ute utokao kwenye mwani wa kahawia.

Mwani wetu wa Paje na Jambiani, huko Zanzibar, je?
Ule ni mwekundu, hutoa karajinani, kitu cha kuongeza uzito, inayotumika zaidi kwenye vyakula na dawa za meno. Watafiti wanaijaribu kwenye vidonda pia, ila mwani ulioanikwa uani usiuweke mguuni.

Si tuliambiwa kidonda kiachwe kikauke?
Tuliambiwa, tena na wazee wetu. Lakini mwaka 1962 George Winter, huko Uingereza, alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa wazi. Umewahi kubandua shashi iliyogandia? Damu ile inayochuruzika ni ngozi changa inang'oka nayo. Jeli haigandi hivyo. Pia hulainisha nyama iliyokufa, ikatoka kwa urahisi.

Basi nikate mshubiri wa uani nipake?
Hapana. Jani lina vijidudu, na utomvu wake wa njano huwasha. Mguu uliotiwa ganzi na kisukari hautakuambia kwamba unaungua.

Inafaa kila kidonda?
Inafaa kilichokauka. Kinachotoa maji mengi kitazidi kulowa, kingo zake ziwe nyeupe kama vidole vya mfuaji nguo. Kidole kilichokauka na kuwa cheusi kwa kukosa damu usikiloweshe. Hicho ni cha daktari.

Inaponya kweli?
Inasaidia, ingawa ushahidi wa majaribio bado si mzito. Linalonisikitisha ni mgonjwa kufungwa dawa ya bei, halafu anatoka na kandambili akikanyagia kidonda kilekile. Mguu usipopumzishwa kwa kiatu maalumu au plasta ngumu ya kufungia mguu, damu isipofika vizuri na sukari isiposhuka, hakuna jeli itakayofua dafu.

Niende hospitali lini?
Siku hiyohiyo ukiona wekundu unasambaa, joto, harufu, usaha au homa, hata kama mguu hauumi.