Ngoma za kiangazi Mwanza: unaposimama ndipo unapopiga kura

Masika yakishakatika na pamba ikaanza kupelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, Usukumani mikono hupumzika na miguu hupata kazi. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua huadimika, barabara za vijijini zinapitika, ghalani kuna chakula na mfukoni hakukosekani chochote. Ndiyo maana ngoma kubwa zimekuwa za msimu huu tangu zamani, kabla ya mabango na spika. Sisi tulio kwenye kazi ya utamaduni huulizwa sana na wageni: kiti cha mbele bei gani? Hilo ni swali la ukumbini. Kwenye ngoma za mashindano za Kisukuma watazamaji husimama na kutembea. Ukiona watu wamekaa kwenye vigoda, huenda hao ndio wachezaji wenyewe, maana wigashe huimbwa watu wakiwa wameketi, viwiliwili vikiyumba pamoja.

Tamasha linalojulikana zaidi ni Bulabo, pale Bujora, Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Musoma. Usiweke tarehe kichwani ukadhani itakuwa ileile mwakani. Bulabo hufuata sikukuu ya Ekaristi, na sikukuu hiyo huhesabiwa siku 60 baada ya Pasaka, kisha kwa kawaida huadhimishwa Jumapili inayofuata. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa 20 Aprili, hivyo sikukuu ikaangukia baada ya katikati ya Juni. Pasaka ya 2026 ni 5 Aprili, na hesabu inarudi nyuma hadi mwanzoni mwa Juni. Ratiba ya ngoma zenyewe ulizia Bujora kabla hujakata tiketi ya basi, kwa sababu sikukuu ya kanisa na siku za mashindano si lazima ziende sambamba.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe, maana asiyeujua ataona vumbi na kelele tu. Ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Simulizi zinazirudisha pande hizo karne ya 19, kwa manju (viongozi na watunzi wa nyimbo za ngoma) wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Vikundi vingi hadi leo hujihesabu upande mmoja au mwingine, na utani kati yao ni wa Simba na Yanga kabisa. Siku ya mashindano, vikundi viwili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna anayesubiri mwenzake amalize. Huku wanapiga, kule wanapiga, na kwa kanuni ya jadi mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi.

Yaani jaji ni wewe. Ukisimama kwa Bagika umewapa Bagika. Ukichoka ukavuka kwenda kwa Bagalu, umehamisha kura yako na wachezaji wameiona ikihama. Kwa hiyo wanafanya kila mbinu. Manju hutunga wimbo wa kumsema mpinzani, tena kwa mafumbo, na umati ukielewa huangua kicheko. Wapo wanaotumia samba, dawa ya kuvuta watu. Kama inafanya kazi sitasema, lakini kikundi kikitoa chatu kwenye sanduku, dawa inaweza kupumzika. Nusu ya uwanja inakimbilia huko, na nusu ya waliokimbia wanakimbia tena kurudi.

Hao wa nyoka ni Bayeye, chama cha waganga na wakamataji wa nyoka ambao ujuzi wao ni wa kweli. Simama hatua kadhaa nyuma, mshike mtoto mkono, na usimguse nyoka hata ukiambiwa hana neno. Wako pia Banunguli, ambao asili yao ni uwindaji wa nungunungu.

Mimi nikipewa nafasi ya kumpeleka mgeni kwenye ngoma moja tu, nampeleka bugobogobo. Ni ngoma ya jembe, iliyotokana na vikundi vya kulimiana mashamba ambapo mpigaji aliwapa wakulima mwendo. Angalia mikono. Jembe linarushwa juu, linazunguka, linapokelewa kwa mpini, na njuga za miguuni hazikosi pigo hata moja. Ukikaa karibu na ngoma kubwa utaisikia kifuani kabla ya masikioni. Chagua pembeni kidogo ya mpigaji mkuu, si mbele yake: hapo unaona ishara anazowapa wachezaji, na unajua mtindo unabadilika kabla wengine hawajajua.

Nyimbo nyingi ni za Kisukuma, na hapa wageni wengi hupoteza nusu ya utamu. Usione haya kumuuliza jirani. Mwamkie kwanza, asubuhi "mwangaluka" inatosha kufungua mdomo wa mzee yeyote, na akikufafanulia fumbo mwambie "wabeja". Mzee wa aina hiyo ni bora kuliko kijitabu cha watalii.

Kutunza ni sehemu ya ngoma. Badilisha noti kabla, ubaki na za elfu moja na elfu mbili, uingie ukicheza hatua mbili tatu, umpe mchezaji mkononi au umwekee mbele yake, utoke. Usirushe pesa chini mchezo ukiwa umepamba moto, watoto wataingia katikati ya majembe. Picha za umati wote hazina shida, lakini ukitaka sura ya mtu mmoja, au waganga na vifaa vyao, omba ruhusa. Wakikukatalia, basi. Simu iweke mfuko wa mbele, maana umati unaohama ghafla ni neema kwa wezi.

Fika Bujora asubuhi, ngoma hazijachangamka, uzunguke makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo. Yalianzishwa na padre Mkanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Kanisa lake la mviringo limejaa nakshi za Kisukuma, na jengo la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Usikose mchoro unaoonyesha jinsi kila rika zamani lilivyokuwa na maneno yake ya kuhesabu moja hadi kumi. Vijana wa leo wenye lugha yao ya mtaani hawakuanzisha jambo jipya.

Jua la Mwanza lisikudanganye kwa sababu ya upepo wa ziwa. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta: mchana linaunguza, usiku kunapoa. Kofia, maji, na sweta kwenye begi. Ukirudi mjini na vumbi, usijitupe ziwani. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wanaoeneza kichocho, na vimelea hupenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi chochote. Oga bombani, kisha tafuta sato wa kuchoma. Anayetaka kubeba zawadi apite Mwaloni, Kirumba, anunue dagaa, au aulizie sokoni michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo haiozi njiani. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kinafaa kwa siku isiyo na ngoma, kwani ni dakika chache tu kwa boti.

Aliyekosa Bulabo asikate tamaa. Nane Nane huko Nyamhongolo vikundi vya ngoma huwa havikosekani kati ya mabanda ya mbegu na matrekta, ingawa pale ngoma ni kiburudisho cha maonyesho, na ushindani wa pande mbili hauonekani sana. Wanaotoka Geita wamepata nafuu: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa yapata kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko.

Kwenda Kisesa daladala zipo, za moja kwa moja au za kuunganisha Igoma, kisha bodaboda kipande kilichobaki. Kurudi ndiko kwenye kazi. Ngoma ikinoga hakuna anayeangalia saa, na giza likiingia abiria wote hutaka gari moja. Patana na bodaboda wako wa asubuhi akufuate saa kumi na mbili kasoro, na uchukue namba yake kabla hajaondoka.