Simu, karatasi, wino wa elektroniki: maswali ya wagonjwa wa macho Bukavu

Wino wa elektroniki ni nini?
Ni kioo cha kifaa cha kusomea, chenye vidonge vidogo mno vya chembe nyeusi na nyeupe, ambazo umeme huzipandisha na kuzishusha hadi maandishi yaonekane. Husomeka kwa mwanga wa jua au wa taa, kama karatasi.

Je, ni bora kuliko simu?
Kwa kusoma saa nyingi, ndiyo. Hata hivyo, kinachochosha macho zaidi kwenye simu ni herufi ndogo, kuisogeza karibu na uso, na kusahau kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Akikodoa, idadi hiyo hushuka sana na jicho hukauka, hata kama anakodolea kitabu cha karatasi. Kuza herufi, shika kifaa sentimita 40 hivi kutoka usoni, na kila baada ya dakika 20 tazama mbali. Sisi wa Bukavu tuna ziwa la kutazama.

Nikiacha simu, macho yatapona?
Ukavu utapungua. Lakini jicho linalohitaji miwani halitibiwi kwa kubadilisha kifaa. Mama mmoja alimnyang'anya mwanawe simu mwaka mzima, huku mtoto akinakili masomo kutoka daftari la jirani yake. Tulipomsimamisha mbele ya ubao wa herufi, alisoma ile kubwa ya juu tu. Mtoto huyo alikuwa haoni mbali, na mwaka wa shule ulikuwa umekwisha potea.

Basi ninunue matone kwanza?
Hapana. Tafadhali, hapana. Matone mengine yana kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo huondoa wekundu upesi, nawe ukafurahi. Ukiendelea kuyatia bila kupimwa, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa kuonea.

Na kama jirani yangu yalimponya?
Jicho la jirani si lako. Hapana.

Nije lini?
Ikiwa jicho ni jekundu na linauma, au uwezo wa kuona umeshuka ghafla, au unaona duara za rangi kuzunguka taa, njoo leo hii, usingoje mwisho wa mwezi. Uoni ulioliwa na presha ya jicho haurudi, hata kwa upasuaji. Na ikiwa umekwisha kutia matone, njoo na chupa yake, hata iwe tupu, wala usiifiche kwa aibu.